Skopu Yako Si Mbovu: Namna ya Kupata Picha Safi Ukitazama Ndege wa Ufukweni

Mara nyingi mtu huniletea skopu yake akiwa ameshaihukumu. "Kaka, hii nimeuziwa mbovu. Ndege wote wanachezacheza kama wako chini ya maji." Natazama saa: saa saba mchana. Natazama tripodi: miguu imevutwa mpaka mwisho, inayumba kama mnazi wakati wa kusi. Natazama pete ya kukuzia: iko kwenye 60, yaani inakuza mara 60. Nairudisha mpaka 20, naigeuzia skopu kwenye kichaka cha mkoko kilicho hatua thelathini kutoka tuliposimama, namwambia atazame. Anaona mpaka mishipa ya jani. Basi skopu ni nzima.

Kwanza tuelewane. Skopu ninayoizungumzia ni ile darubini ya jicho moja inayokaa juu ya tripodi, ambayo waongoza watalii huibeba begani kama jembe. Siyo ile ya macho mawili inayoning'inia shingoni, wala siyo ya kutazamia nyota. Kwetu pwani ya Kenya uwanja wake hasa ni sehemu kama Mida, kule Watamu, maji yakipwa: tope na mchanga mpaka macho yanachoka, na ndege wadogo wametawanyika kote, wengi wana rangi ile ile ya tope. Darubini ya macho mawili itakuambia pale kuna ndege. Skopu ndiyo ya kukuambia ni ndege gani, au kama ana pete ya rangi mguuni, ile wanayofungwa na watafiti, na herufi gani zimeandikwa juu yake.

Hatua zifuatazo nimezipanga kwa kufuata makosa ninayoyaona zaidi, siyo kwa kufuata kijitabu kinachokuja ndani ya boksi. Hewa kwanza, kisha miguu ya tripodi, kisha jicho lako. Kioo chenyewe kinakuja mwisho, ingawa ndicho kinacholaumiwa kabla ya vyote.

Hatua ya 1: Chagua saa yako, na uyasome maji

Jua likishapanda, ardhi hupata joto kuliko hewa iliyo juu yake. Hewa ya chini ikipata moto inapanda, ya juu inashuka, zinachanganyika bila mpangilio. Mwanga nao hupinda kidogo kila unapotoka kwenye hewa ya joto na kuingia kwenye hewa baridi. Ndicho kinachofanya barabara ya lami ionekane ina madimbwi mbele yako wakati ni kavu: mazigazi. Kwa macho matupu, kwa umbali wa mita 200, huenda usigundue lolote. Lakini skopu inayomkuza ndege mara 40 inaukuza na mtetemo wa hewa mara 40. Hakuna kioo duniani kinachoweza kumtoa ndege na kuuacha mtetemo nyuma.

Ili uone ukubwa wa tatizo: lenzi ya mbele yenye kipenyo cha milimita 80, ikiwa imetengenezwa vizuri, ina uwezo wa kutenganisha alama mbili zilizoachana kwa milimita moja na nusu tu, mita 200 kutoka ulipo. Herufi kwenye pete ya ndege ni kubwa kuliko hapo. Kwa hiyo kwa hesabu ya kioo pekee, pete inasomeka. Jua la utosi juu ya tope lililokauka, hata rangi ya mguu wenyewe utabahatisha.

Tazama basi kuanzia kunapopambazuka mpaka saa tatu asubuhi hivi, halafu tena kuanzia saa kumi alasiri. Siku ya mawingu mazito ni zawadi; unaweza kukaa mpaka adhuhuri. Na mchana wa jua, kama huna budi, ngoja wingu lipite. Likishafunika jua kwa dakika chache ardhi inaanza kupoa na picha inatulia ghafla, kana kwamba kuna mtu amefuta kioo. Uwe tayari umeshamlenga ndege wako, maana nafasi hiyo haikai.

Sasa hapa kwetu kuna mtego ambao vijitabu vilivyoandikwa Ulaya havikuambii. Ndege wa ufukweni hawafuati saa, wanafuata maji. Maji yakipwa kabisa, wanakula mbali huko kwenye ukingo. Yakijaa, yanawasukuma kuja upande wako, mpaka wanabanana kwenye kipande kidogo cha tope kilichobaki. Unachotaka ni maji yanayojaa, na unataka asubuhi. Haya mawili hayakutani kila siku.

Hili nilifundishwa na mzee mmoja mvuvi, mwaka wangu wa kwanza wa kazi. Alinikuta nimesimama kwenye tope tangu saa moja, skopu iko tayari, ndege wako mbali kama nukta.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unamngoja nani hapa?"

"Nangoja ndege wasogee."

Akacheka. "Leo mwezi una siku ngapi?"

Sikujua. Akaniambia, "Basi utakaa hapo mpaka alasiri," akaenda zake.

Alikuwa na haki ya kucheka. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji ya pwani yetu hujaa pomoni karibu saa kumi, ya alfajiri na ya alasiri, na hupwa kabisa karibu saa nne. Ndiyo maana kina mama wanaochokoa pweza utawaona wametapakaa miambani saa nne za asubuhi siku hizo. Maana yake kwa mtu wa skopu ni kwamba maji yanajaa kuanzia saa tano mpaka saa tisa mchana, saa zile zile mazigazi yamechachamaa. Siku za bamvua usijisumbue na asubuhi. Fika saa tisa alasiri, jua linaanza kulegea na maji yamekaribia kujaa.

Ukitaka asubuhi, hesabu kutoka bamvua. Kila siku maji huchelewa kwa kama dakika 50. Siku nne mpaka sita baada ya bamvua, kujaa kutakuwa kumesogea mpaka kati ya saa moja na nusu na saa tatu asubuhi. Ni kweli unakaribia maji mafu, kwa hiyo maji hayatapanda sana na ndege hawatasukumwa karibu kama wakati wa bamvua. Mimi bado nampendelea ndege aliye mita 200 kwenye hewa ya baridi kuliko aliye mita 120 kwenye hewa inayochemka. Wenzangu wengine wanabisha. Wabishe, lakini waniambie pete imeandikwa nini.

Hatua ya 2: Chagua pa kusimama

Jua liwe mgongoni kwako, au angalau begani. Ukitazama kuelekea jua, ndege wote wanakuwa vivuli vyeusi, na mwanga unaoingia pembeni ya lenzi unapausha picha nzima. Kama huna namna, vuta ile shingo ya kukinga jua iliyo mbele ya skopu. Nyingi zinayo, na wenye nazo wengi hawajawahi kuigusa. Na usiielekeze skopu kwenye jua lenyewe hata kwa sekunde. Jicho halina spea.

Halafu angalia mwanga unapita juu ya nini kabla ya kukufikia. Juu ya maji au majani mabichi ni afadhali. Juu ya lami, juu ya mchanga mkavu, juu ya paa la mabati la hoteli uliyofikia, ni hasara. Kwenye viwanda vya chumvi vya upande wa Gongoni, kaskazini ya Malindi, kuna ndege wengi, lakini ile ardhi tambarare huwaka mapema sana, na ikifika saa mbili na nusu mimi huwa nishaanza kukunja. Ukipata mahali palipoinuka hata mita mbili, panda, maana hewa inayochemka vibaya zaidi ni ile iliyolala chini kabisa.

Ukitazama kutoka garini, zima injini, na usitazame juu ya boneti iliyotoka kwenye safari. Shusha kioo cha dirisha. Kioo cha gari kilitengenezwa kwa ajili ya kuzuia vumbi, hakikutengenezwa kwa ajili ya kukuza kitu mara 40. Zima na AC pia, kwani hewa baridi ikitoka dirishani na kukutana na ya nje inatengeneza mazigazi yako binafsi, mbele ya lenzi yako.

Pale Mida kuna daraja la mbao linaloning'inia katikati ya mikoko mpaka kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Zuri sana, lakini linaning'inia. Mtu mmoja akipiga hatua mwanzoni mwa daraja, ndege wako anaruka juu na chini kama mpira. Ama usubiri wote wasimame, ama ushuke kwenye tope na viatu vya kuchafuka.

Hatua ya 3: Tripodi iwe nzito, fupi, itulie

Nimeona watu wakinunua skopu ya bei ya pikipiki na kuiweka juu ya tripodi ya simu. Kama pesa ni chache, gawanya: skopu ya wastani juu ya tripodi nzuri itakuonyesha zaidi kuliko skopu ya kifahari juu ya vijiti.

Vuta kwanza sehemu nene za miguu, zile nyembamba ziwe za mwisho, na kama inawezekana usizivute kabisa. Ule mlingoti wa katikati uache chini. Ukiupandisha umegeuza miguu mitatu kuwa mmoja. Piga magoti, au kaa juu ya kigoda. Skopu zenye lenzi ya jichoni iliyopinda kwa nyuzi 45 zinasaidia sana hapa, kwani unatazama ukiwa umeinamisha kichwa, tripodi inabaki fupi, na mgeni mrefu na mtoto wake wote wanaweza kutazama bila kupandisha na kushusha kila mara.

Kwenye tope, sukuma kila mguu uzame mpaka ufike pagumu. Usipofanya hivyo tripodi itaendelea kuzama polepole, na utadhani ndege ndiye anayepanda. Ning'iniza begi chini ya mlingoti, lakini liguse ardhi kidogo. Likining'inia hewani linageuka bembea. Upepo ukivuma, simama wewe upande unakotoka uwe ukuta. Mkanda wa skopu ufungwe au uvuliwe, usiachwe ukipigapiga miguu. Kaza ile skurubu ya chini inayoshika skopu, na uiangalie tena kila baada ya nusu saa. Mara mbili nimehangaika asubuhi nzima na picha inayotikisika, kumbe ni skurubu.

Sasa, utajuaje kama tatizo ni mtikisiko au ni hewa? Tazama picha kwa makini. Mtikisiko huhamisha kila kitu kwa pamoja: ndege, tope, mkoko, vyote vinakwenda kushoto na kurudi. Mazigazi hayana umoja huo. Miguu ya ndege inacheza huku mgongo umetulia, mdomo unarefuka na kufupika, mstari wa maji unachemka. Mtikisiko unautibu kwa tripodi. Mazigazi unayatibu kwa saa, kwa kusogea karibu, au kwa kurudi nyumbani kunywa chai.

Hatua ya 4: Mtafute ndege ukiwa chini

Skopu nyingi zinakuza kuanzia mara 20 mpaka 60. Anza kwenye 20 kila mara. Katika 20 unaona uwanja wa upana wa karibu mita 35 mpaka 40 kwa umbali wa kilomita moja. Katika 60 unabaki na kama mita 20, na kumtafuta kitwitwi humo ni kama kutafuta shilingi iliyoanguka usiku kwa mwanga wa kiberiti.

Kwanza mwone kwa macho au kwa darubini ya macho mawili. Shika alama iliyo karibu naye: mzizi wa mkoko, kipande cha ngalawa, ukingo wa dimbwi. Kisha elekeza skopu kwenye alama hiyo, siyo kwa ndege. Alama haitembei. Kwa skopu iliyopinda, ambayo wageni huhangaika nayo kwa sababu hawatazami upande uleule inakoelekea, kuna ujanja wa bei ya andazi: chukua ile kamba ya plastiki ya kufungia nyaya, ifunge kuzunguka shingo ya skopu, ile ncha iliyobaki isimame juu kama shabaha ya bunduki. Ukiweka ncha juu ya ndege, ndege yuko ndani.

Wa kuanzia kujifunza naye ni yule mla kaa mwenye mwili mweupe, mgongo mweusi na mdomo mnene mweusi, *Dromas ardeola*. Ni mkubwa, anatembea kwa makundi na anaonekana kwa mbali. Hataagi Kenya, huja kwetu kutoka fukwe za joto za huko Oman, Ghuba, Bahari ya Shamu na Somalia, ambako anachimba shimo mchangani na kutaga humo, jambo lisilo la kawaida kwa ndege wa ufukweni. Mweupe wake na mweusi wake vinakupa mpaka ulio wazi wa kupimia fokasi.

Hatua ya 5: Jicho lako, halafu fokasi

Hapa ndipo watu wengi hupita haraka, nami naomba usipite.

Raba iliyo kwenye lenzi ya jichoni inazungushwa au kukunjwa. Mwenye miwani aishushe yote. Asiye na miwani aipandishe. Ukikosea utaona uwanja mdogo kama unachungulia kwenye tundu la ufunguo, au kivuli cheusi kinachokuja na kuondoka kama mwezi unaopatwa. Sogeza jicho taratibu mpaka uone duara zima na ukingo wake. Ukinunua na unavaa miwani, uliza lenzi ya jichoni inaruhusu jicho likae umbali gani. Chini ya milimita 15 utapata shida.

Usibane jicho jingine. Ukilibana, misuli ya uso inavuta na hilo unalotazamia, na baada ya dakika kumi macho yote mawili yamechoka. Liache wazi na ulifunike kwa kiganja, au shusha ukingo wa kofia upande huo.

Uso usiiegemee skopu. Gusa tu. Mapigo ya moyo wako yanaonekana kwenye 60, hilo si hadithi.

Fokasi sasa. Wengi huzungusha gurudumu huku na huku mpaka picha "inaonekana sawa", kisha wanashangaa kichwa kinauma. Jicho, hasa la kijana, lina uwezo wa kujirekebisha lenyewe na kufidia fokasi iliyokosea kidogo. Linafidia, lakini linalipia. Fanya hivi: weka fokasi kwenye tope lililo mbele ya ndege, upande wako, ili ndege awe na ukungu. Kisha zungusha polepole kuelekea mbali, na usimame pale picha inapokaza kwa mara ya kwanza. Usiendelee. Hapo jicho lako limepumzika, na kioo ndicho kinachofanya kazi.

Ukiwa na gurudumu la kasi na la taratibu, la kasi ni la kufikia karibu, la taratibu ni la kumalizia. Fokasia jicho la ndege au ukingo wa mdomo. Manyoya ya kifua hayana mstari wa kukushika. Na kama unazungusha huku na huku na hupati mahali palipo bora kuliko pengine, acha. Hilo si tatizo la fokasi, ni hewa. Rudi Hatua ya 1.

Hatua ya 6: Kuza kidogo kidogo, na ujue pa kukomea

Shika skopu mbali na uso wako, uielekeze kwenye mawingu yenye mwanga, na uitazame lenzi ya jichoni. Utaona kiduara kidogo cha mwanga. Ukubwa wake ni kipenyo cha lenzi ya mbele kugawanya kwa ukuzaji. Lenzi ya milimita 80 kwenye 20 inatoa kiduara cha milimita 4. Kwenye 60, milimita 1.3 tu. Mboni ya jicho lako mchana wa jua ina kama milimita 2 mpaka 3, na magharibi inapanuka zaidi ya hapo. Ndiyo maana alasiri ukikuza mpaka 60 picha inazama gizani wakati kwenye 25 bado unaona. Siyo uchafu, siyo ubovu. Mwanga ule ule umetandazwa juu ya picha kubwa zaidi.

Kuza kutoka 20 kwenda 30, sahihisha fokasi, tazama. Kama unaona zaidi, endelea 40, sahihisha tena. Ikifika hatua ndege ni mkubwa lakini huoni kitu kipya, rudi nyuma kidogo. Siku nyingi za kawaida hapa pwani mimi hukomea kati ya 30 na 40. 60 naitumia asubuhi chache za baridi, na kwa kusoma pete.

Kila ukigusa chochote, toa mkono, hesabu mpaka tatu, ndipo utazame. Tripodi inahitaji muda huo kutulia.

Wanaopiga picha kwa simu kupitia skopu wafuate haya haya, ila wapunguze zaidi: ukuzaji wa chini, kishikio kinachokaza simu palepale, na kipima muda cha sekunde mbili ili kidole kisitikise. Kuna mengi ya kusema juu ya hilo, siyo leo.

Hatua ya 7: Ukungu, chumvi na kuvu

Ukitoka kwenye gari lenye AC au chumba cha hoteli na kuingia kwenye hewa ya mikoko, lenzi hufunikwa na ukungu papo hapo. Usifute. Utafuta, utarudi, utafuta tena, na kila ukifuta unasugua chumvi juu ya kioo. Iache skopu ipate joto la nje kama dakika 20, ndani ya begi lake. Ukungu ulio ndani kabisa, kati ya vioo, ni habari nyingine: maana yake mipira ya kuzuia hewa imechoka, na hapo ni fundi.

Pwani lenzi ya mbele hupata utando wa chumvi usiouona mpaka uitazame kwa pembeni. Picha inapauka, weusi unakuwa kijivu. Kusafisha kuna utaratibu wake. Puliza kwanza kwa kile kibofu cha raba, siyo kwa mdomo, kwani mate yanakwenda nayo. Pangusa chembe kwa brashi laini. Kama skopu yako haipitishi maji, mwagia maji safi kidogo yayeyushe chumvi. Ndipo uchukue kitambaa laini cha lenzi na kufuta kwa kuzunguka kutoka katikati kwenda nje. Ncha ya kanga, pindo la fulana, karatasi ya chooni: hapana. Mchanga mmoja uliojificha kwenye kanga unaacha mkwaruzo ambao hautoki.

Nyumbani, usiifungie kwenye mkoba wa ngozi ndani ya kabati. Unyevu wa pwani huotesha kuvu juu ya vioo, nyuzinyuzi kama utando wa buibui, na kuvu hula ule mpako wa lenzi mpaka alama ikabaki. Iweke mahali penye hewa, au kwenye chombo cha plastiki kinachofunga vizuri pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Usivitupe tena.

Hatua ya 8: Sasa kipime kioo

Umefanya yote na bado picha haikazi? Basi sasa una haki ya kukituhumu kioo, na njia ya kukipima ni rahisi. Bandika ukurasa wa gazeti ukutani, kivulini, mita 30 hivi kutoka skopu, asubuhi mapema. Kuza mpaka mwisho. Maandishi yanapaswa kukaza kwa ghafla unapozungusha fokasi. Kama kuna mahali pana ambapo yanasomekasomeka tu bila kukaza, kioo ni dhaifu.

Usiku lenga nyota iliyo juu sana. Ikiwa kwenye fokasi iwe nukta. Itoe kwenye fokasi kidogo upande mmoja, kisha upande wa pili. Inapaswa kugeuka duara la mviringo pande zote mbili. Ikiwa yai upande mmoja, na yai lililolala upande wa pili, vioo havikukaa sawa. Ila jaribu kwanza kuzungusha kichwa chako. Yai likizunguka pamoja nawe, tatizo ni jicho, na unahitaji miwani siyo skopu.

Mwishowe mtafute yangeyange aliyesimama mbele ya mikoko yenye kivuli. Mweupe juu ya kijani kilichoiva ndio mtihani mgumu. Kioo cha kawaida humvisha ukingo wa zambarau upande mmoja na wa kijani upande wa pili. Vioo vyenye alama ya ED, yaani visivyotawanya rangi sana, hupunguza hilo sana, na ndiyo sehemu kubwa ya bei unayolipia. Zambarau kidogo kwenye 60 nitavumilia. Ikionekana mpaka kwenye 25, arudishiwe mwenye duka.

Na kama haya yote yamepita, kuna vitwitwi wawili wa mchanga wanaokuja kwetu, mkubwa na mdogo, wanaofanana kama pacha, na huchanganyika kundi moja pale Mida. Kuanzia Agosti utawapata. Chagua mmoja aliyesimama ubavu, kaza fokasi kwenye mdomo wake, kisha mpime kwa macho: chukua urefu wa mdomo, ulaze kurudi nyuma kuanzia shina lake. Ukipita jicho, ni mkubwa. Ukiishia penye jicho au kabla, ni mdogo. Ukibaki unabahatisha, punguza ukuzaji, hesabu mpaka tatu, tazama tena.